Njia Tambarare, Majira Yote

Kamati ya safari ilikuwa na watu watatu, na Sihaba alijua fika kwa nini yeye alikuwa mmoja wao. Siku wazazi walipokutana, Mwalimu Donati alisema lazima awemo mwanamke, wafadhili ndivyo wanavyotaka. Macho yake yakawapita wanawake wote wenye midomo, yakatua kwake yeye aliyekaa pembeni kimya.

"Yule pale," akasema. "Yule mtulivu."

Safari yenyewe ilikuwa ya watoto kumi na wawili wa darasa la saba, kutoka Mbwera, kijiji cha pwani katikati ya mikoko, kwenda kupanda Milima ya Udzungwa, hifadhi ambayo haikuwa na miaka mitatu tangu itangazwe. Wafadhili waliosimamia upandaji wa mikoko ndio walioahidi lori na chakula. Zuena, mdogo wake Sihaba, alikuwa wa tano katika orodha. Mama yao alikufa zamani. Baba yao, Sadala, alikufa maji, mikononi mwa nahodha mgeni aliyeapa kwamba njia anaijua. Kwa hiyo karatasi ya ruhusa ya Zuena ilikuwa ya kutiwa saini na Sihaba, na hakuna mwingine.

Ijumaa ile kamati ilikaa darasani kuchagua kitabu cha njia za milimani, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzipita. Juu ya meza palikuwa na vitabu viwili. Mwalimu alivichukua Kibiti kwa mchuuzi mmoja kwa makubaliano: chagueni kimoja, kingine kirudi. Miaka hiyo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Kila mwenye mashine alichapa, kila mwenye meza aliuza, na mtu akienda Kibiti kutafuta chumvi alirudi na redio.

Kitabu cha kwanza kilikuwa kinene, cha njia za nchi nzima, jalada lake linang'aa, juu yake mtu kasimama kwenye jabali kanyoosha mkono kama anayegawa nchi. Cha pili kilikuwa chembamba, kimepigwa taipu na kubanwa pini mbili, na pini zenyewe zimeota kutu.

"Hapa hapana mjadala," akasema Mwalimu Donati. "Tunachukua hiki. Hicho kingine ni karatasi za kufungia karanga."

Mwenyekiti, Mzee Mshamu, akacheka kwa kuwa mwalimu alikuwa amecheka.

Mwalimu Donati alikuwa na miezi minne tu tangu ahamishiwe Mbwera. Kwao kulikuwa bara, chini ya mlima mkubwa, na hakumwacha mtu akasahau. Mtoto akikosea hesabu aliambiwa ana akili ya kaa. Mzazi akichelewa mkutanoni aliambiwa amekwama topeni kwa ukoo wake wote.

Sihaba akavuta kile chembamba.

"Haya, soma, kama shule ilikusaidia," mwalimu akamwambia.

Shule ilimfikisha darasa la saba ikamwacha hapo. Alisoma kwa kidole, polepole, lakini hakuruka neno. Kitabu kiliandikwa na bwana misitu mstaafu. *Mvua ikinyesha juu, usivuke mto ulio chini ya maporomoko, hata kama ulipo wewe jua linawaka. Maji yako njiani yanakuja.* Sihaba akaitikia kwa kichwa. Huyu alikuwa mtu wa kumsikiliza. Akafungua mbele. *Njia ya upande wa machweo sijaipita mimi mwenyewe. Siwezi kuieleza. Muulize mwenyeji.*

Mwalimu alikuwa anasomea begani kwake. Akapiga meza. "Unaona! Mwongozo gani unaosema sijui? Nikisimama darasani niseme sijui, mshahara nitapewa wa nini?"

"Labda ungepewa hata zaidi, Mwalimu," Sihaba akasema taratibu.

Mzee Mshamu akaangalia dari.

Sihaba akavuta kile kinene, akakifungua kutoka nyuma, kwenye kurasa za pwani. Watu wa Mbwera nahodha mgeni hawamuulizi habari za bahari kuu. Humuuliza kijito kinachopita nyuma ya nyumba zao wenyewe. Akikosea hapo, wanashuka chomboni. Baba yake, siku ile aliyokufa maji, alikuwa na haraka, hakuuliza.

Alitafuta mpaka mwalimu akaanza kutazama saa. Ukurasa wa mia na kumi na mbili akausoma kwa sauti: "*Kutoka Mbwera hadi Kiongoroni ni matembezi mepesi ya saa mbili kwa miguu. Njia ni tambarare, inapitika majira yote.*"

Mzee Mshamu, aliyezaliwa hapo na kuzikia hapo wazazi wake, akakohoa. "Majira yote?"

"Nani kati yetu aliwahi kwenda Kiongoroni kwa miguu, Mzee?" Sihaba akauliza.

"Labda kunguru."

"Mnapanda mitumbwi kwa uvivu!" mwalimu akafoka. "Mimi mwenyewe nimesimama pale nyuma ya shule nikaona nchi kavu mpaka macho yanachoka. Mtu aliyeandika kitabu hiki ana shahada. Wewe una nini?"

"Sina kitu," Sihaba akasema. "Ila kama kimedanganya mlangoni kwangu, huko mlimani nitakiaminije? Na wewe mlima wa kwenu uliupanda ukafika wapi?"

Mwalimu akaanza kufuta ubao uliokuwa umeshafutwa. Sihaba aliliona hilo, akalitia kibindoni. Huyu alikuwa ameishi na mlima kama watu wanavyoishi na tajiri wa mtaani, kumwona kila siku bila kuingia kwake.

"Kesho Jumamosi," Sihaba akaendelea. "Wewe na kitabu chako tangulieni, mimi na Mzee Mwenyekiti tufuate. Ukitufikisha Kiongoroni kwa miguu, natia saini na kitabu ni hicho chako. Ukishindwa, ni hiki chembamba."

"Na usipotia saini mdogo wako abaki hapa anuke samaki. Wako wengi wanaoililia nafasi yake."

"Nimesikia."

Nyumbani habari zilikuwa zimetangulia. Zuena alimngoja mlangoni, macho mekundu.

"Wivu tu unakusumbua, dada. Wewe mwenyewe hujafika popote!"

"Nimefika Bungu."

"Ulibebwa hospitali, una homa! Sasa unataka na mimi nioze hapa hapa. Nenda kampigie mwalimu magoti uombe radhi."

"Kula, chakula kinapoa."

"Ukile wewe. Ukivimbiwa nitafurahi."

Asubuhi kijiji kilikuwa kitupu, watu wote wako mashambani wanavuna mpunga. Maji yalikuwa yamekupwa, na kwa kuwa ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kiasi, yalikupwa kwelikweli. Nyuma ya shule nchi ilijianika, kijivu na laini, hadi kwenye mikoko ya mbali. Mwalimu Donati alitoka na viatu vya ngozi, suruali ya kazini imepigwa pasi, kitabu mkononi. Mzee Mshamu alikuwa na fimbo yake. Sihaba alivaa kanga mbili, pekupeku.

Kijito cha kwanza maji yalikuwa ya vifundo. Mwalimu akavuka, akageuka na kucheka. "Haya, mtulivu! Umezama?"

"Bado, Mwalimu."

"Nitakukumbusha hilo mpaka uzeeke."

Wakatembea. Kila hatua mwalimu alikuwa na neno: watu wa matopeni hivi, watu wa matopeni vile. Sihaba alikuwa anatazama vishimo vya kaa. Vilivyokuwa vikavu vilikuwa vinaanza kulowa pembeni. Walipofika kijito cha pili, akasimama, akaketi kwenye mizizi ya mkoko.

"Maji yamegeuka, Mwalimu. Hapa mwisho. Turudi."

"Maji gani? Yako wapi?"

"Yanakuja."

"Ujanja wako huo. Ukirudi wewe, umeshindwa wewe!"

"Mwalimu," Mzee Mshamu akasema, "huyu binti Sadala hasemi mara mbili."

"Basi akae na umara-moja wake." Akaingia.

Hatua nne zilimpokea vizuri. Ya tano ikampeleka magotini, ya sita mapajani. Akajaribu kuvuta mguu, mguu ukaja bila kiatu. Akajaribu kugeuka, akashuka mpaka kiunoni, na kitabu akakiinua juu kwa mikono miwili. Ndipo utando wa maji ukaonekana kwenye mkunjo wa kijito, mwembamba kama ulimi, unakuja bila kelele.

"Nipeni mkono!"

Sihaba hakuinuka. "Kitabu kinasemaje?"

"Nini?"

"Hapo ulipo. Tazama ukurasa. Kinasema tufanyeje?"

"We mwanamke una wazimu? Nivute!"

"Njia tambarare, majira yote. Si ndivyo? Umewaita watoto wetu kaa. Kaa angekuwa ameshatoka hapo."

Maji yakafika kwenye mkanda wake. Alianza kulia, si kwa sauti, bali kwa kidevu. Na Sihaba akajiona anamtazama, kifuani ana utamu kama wa mtu anayekuna upele, hataki kuacha. Alihesabu pumzi tatu. Ya nne akaiogopa. Alimwona baba yake, wala si sura yake, ila yale maji tu yaliyojifunga juu yake, na yule nahodha aliyeogelea akaokoka peke yake.

Akang'oa mti wa mkoko uliolegea, akalala kifudifudi topeni, akasukuma ule mti mbele.

"Usisimame. Lala. Lala kama samaki! Acha hicho kitabu."

"Ni cha watu…"

"Kiache, nasema!"

Kitabu kikaanguka, kikaelea, jalada juu. Mzee Mshamu alishika miguu ya Sihaba, Sihaba akashika mti, mwalimu akashika mti, wakavutana kama watu wanaotoa mtumbwi ulionasa. Tope lilimwachia kwa mlio mmoja mbaya. Lilimwachia yeye, suruali likabaki nayo.

Alikaa kwenye mizizi na shati lake na aibu yake. Hakusema asante. Sihaba akafungua kanga yake ya juu, akamtupia bila kumtazama. Walirudi kwa kupita ndani ya mikoko, mwalimu katikati amevaa kanga kiunoni, wakafika nyumbani kwake hakuna aliyewaona ila kuku. Mlangoni Mzee Mshamu akasema, "Mimi macho yangu ya kizee. Leo sikuona hata fimbo yangu," akaenda zake.

Jumatatu orodha mpya ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi. Ilikuwa na majina kumi na mawili. La tano lilikuwa jingine. Zuena aliisoma mara tatu, akarudi nyumbani mbio, akachukua mkeka wake akauhamishia kwa jirani.

Sihaba alikwenda ofisini bila hodi ndefu. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari.

"Jina la Zuena limekwenda wapi?"

"Mzazi wake ana kiburi. Safari haitaki watu wa fujo."

"Na kitabu?"

"Nitaagiza kingine kama kile. Kilichopotea ni nakala, si kitabu."

"Basi vizuri. Leo jioni wazazi wanakutana. Nitasimama nieleze tulivyokwenda Kiongoroni. Nitaanza na viatu, niende mpaka kwenye suruali, nimalizie na kanga. Mimi si msemaji, lakini hiyo nadhani nitaisema vizuri."

Kalamu nyekundu ikasimama. "Utaniua," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na kejeli. Ilikuwa na chuki tupu. "Hapa nitafundishaje tena?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Nataka vitu viwili. Kitabu chembamba ndicho kiende, na watoto wafuate kinachosema, mvua ikinyesha juu warudi. Na Zuena awe wa tano, kama alivyokuwa."

"Nawe?"

"Nami nitanyamaza."

"Mpaka lini?"

"Wewe ndiye uliyeniita mtulivu."

Mwalimu akaiweka kalamu mezani. "Nikisema kitabu nimekichagua mimi, utanyamaza?"

Hilo Sihaba hakuwa amelifikiria. Lilimchoma zaidi ya tusi la kaa, zaidi ya lile la kunuka samaki, zaidi ya yote. Alitazama nje dirishani, ambako watoto walikuwa wanafagia uwanja.

"Nitanyamaza," akasema.

Jioni ile wazazi walijaa, wametoka mashambani na makapi ya mpunga nyweleni. Mwalimu Donati alisimama amenyooka, akainua kitabu chembamba juu.

"Wazazi wangu, kitabu cha safari si jalada. Mimi nilivichunguza vyote viwili. Kile kikubwa nikagundua kinadanganya, tena kinadanganya habari za hapa hapa kwenu! Kimeandika watu huenda Kiongoroni kwa miguu." Watu wakaangua kicheko. "Nikasema, la, wanangu siwapi mwongozo wa uongo. Hiki hapa kimeandikwa na mtu anayejua kusema sijui. Huyo ndiye mwalimu wa kweli!"

Wakapiga makofi. Mzee Mshamu naye alipiga, macho chini. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe ana akili huyu. Tulikuwa tunamsema bure."

Zuena alikuwa amekaa mbele na wenzake. Jina lake liliposomwa la tano, aligeuka kumtafuta dada yake kwenye umati, akamwonyesha kidevu.

"Umesikia?" akamwambia walipokutana kwenye meza ya kutilia saini karatasi za ruhusa. "Mwalimu ndiye aliyenirudisha. Wewe ulitaka kunizuia kwa kitabu, na mwenyewe ameona kitabu kibaya bila wewe. Nitamletea zawadi kutoka mlimani. Wewe sikuletei hata jiwe."

"Mvua ikinyesha juu," Sihaba akasema, "usivuke mto ulio chini ya maporomoko. Hata wakivuka wenzako wote."

"Najua. Mwalimu ametuambia."

Mwalimu alikuwa upande wa pili wa meza, anasukuma kalamu kwa kidole kimoja. Nyuma ya Sihaba wazazi walikuwa wamepanga mstari, wamechoka, wanataka kwenda kuoga.

"Hapo chini," mwalimu akasema. "Weka jina. Haraka, watu wanasubiri."

Sihaba aliivuta karatasi karibu na taa. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza kabisa, juu, jina la shule, akaanza kusoma. Mtu akaguna nyuma yake. Mwingine akasema jamani, wewe. Mwalimu Donati akamsogezea taa. Sihaba alishuka mstari kwa mstari, kidole hakikimbii, mpaka nukta ya mwisho, na alipoifikia alirudi juu, akaanza tena. Mara ya pili alipomaliza, ndipo akashika kalamu.