Mkimbiaji wa Ndani

Injinia Engida alikuwa na kitambi, jozi tano za viatu vya mbio, na mdomo usiojua kufungwa. Kila Jumatatu aliingia kwenye jimu yetu hapa mtaa wa Bole, si kwa mazoezi, bali kutuhubiria jinsi alivyokimbia Entoto Jumapili. Upepo! Mikaratusi! Jua likichomoza juu ya Addis Ababa! Ungedhani mlima ule aliuumba yeye.

Mimi ni mwalimu wa mazoezi pale. Nafika alfajiri kabla ya wateja, napanda mashine ya kukimbilia, nautazama ukuta mweupe na kukimbia saa nzima. Hakuna saa ninayoipenda kuliko hiyo.

"Dada Felekech," alinianza siku moja mbele ya watu, "mtu unakimbia saa nzima na bado uko palepale! Hata punda wa kinu anazunguka." Watu wakacheka. "Mtoto wa Arsi wewe, nchi ya wakimbiaji, umejifungia ndani kama kuku wa mayai. Huoni haya?"

"Sioni, Gashe." Nilimwita hivyo kwa heshima ya umri wake, maana heshima nyingine hakuwa nayo. "Kuku wa ndani haliwi na fisi."

Watu wa aina yake huanza kukimbia wakiwa na miaka arobaini na mitano, wameshiba. Mimi sikuanza, nilikimbizwa. Shule ilikuwa kilomita saba kutoka kwetu. Darajani wavulana walitungoja na fimbo. Kwa padri kulikuwa na mbwa. Masika matope yalituvua viatu, miaka tuliyokuwa na viatu. Baadaye klabu ya riadha ikanichukua, nikakimbia barabarani miaka tisa, na hakuna alfajiri iliyopita bila mwanamume kunifuata na gari polepole akiniuliza naitwa nani. Siku ya kwanza nilipopanda mashine, hakuna aliyeniuliza jina. Nilikimbia huku nalia, na jasho likanisitiri.

Engida hakukoma. Mwishowe Birknesh, anayekaa mapokezi, akachoka. "Nenda naye mara moja tu, mama, umzibe mdomo. La sivyo tutausikia upepo wa Entoto mpaka tuzeeke."

Nikaenda. Jumapili hiyo Injinia alivaa miwani myeusi kabla jua halijatoka. Aliegesha gari lake jeupe kando ya barabara, akanyoosha misuli dakika ishirini, akajipiga picha. Ndipo tukaanza. Mita mia tano za kwanza aliongea. Mia tano zilizofuata alihema kama mvukuto wa mhunzi. Kisha akasema tutembee kidogo, "tufaidi mandhari." Mandhari yenyewe ilikuwa ukungu. Kumbe zile kilomita kumi na mbili alizotuhubiria kila Jumatatu ndizo hizi!

Tulikuwa tumegeuka, gari tumeshaanza kuliona, mbwa walipotoka kwenye mikaratusi. Watano au sita, wembamba, kimya. Wa kimya ndio wabaya.

"Gashe, usikimbie," nikamwambia taratibu. "Simama. Inama kama unaokota jiwe."

Alikimbia. Na hapo, nisimdhulumu, nilimwona akikimbia kwelikweli. Alijitupa ndani ya gari, nikasikia milango yote ikijifunga kwa mpigo mmoja. Nikabaki mimi na mbwa. Wa mbele alinidaka kwa meno chini ya goti. Nikaokota jiwe, nikamtwanga nalo ubavuni, nikapiga ukelele wa kwetu ambao sikujua kama bado ninao. Wakatawanyika.

Nikaenda kugonga kioo. Akakishusha kiasi cha vidole viwili.

"Wameondoka?"

Nikampa mgongo. Nilishuka mlima kwa miguu, damu ikichuruzika ndani ya soksi. Hasira yangu haikuwa kwa mbwa. Mbwa hajawahi kunihubiria.

Jumatatu nikiwa na bendeji, nikamkuta ameshawakusanya watu. Mbwa sasa walikuwa kumi na wawili, naye amesimama katikati yao na jiwe mkononi.

"Ehe, na Felekech aliumwaje wakati wewe unapigana?" Birknesh akauliza.

"Yeye alikimbia," akasema, bila hata kupepesa macho. "Nilimwambia asikimbie."

Jimu nzima ikanigeukia.

"Gashe, hilo jiwe uliliokotaje kupitia dirisha la gari? Maana ulikishusha kioo vidole viwili tu."

Birknesh ndiye aliyeanza kucheka. Injinia akafungua mdomo, akaufunga. Sikuwahi kuuona umefungwa muda mrefu namna ile. Akachukua begi lake, akatoka.

Wiki tatu hatukumwona. Kisha alfajiri moja, nikiwa katikati ya mbio zangu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa yeye, peke yake, na viatu vipya vya rangi ya chungwa. Akaja akasimama karibu na mashine ya pili kutoka yangu.

"Huko nje siku hizi baridi kali," akasema kwa sauti ya chini, akichezea kamba ya begi. "Hii ya hapa inafanya kazi, dada yangu?"

Mashine zote saba zilikuwa nzima.

"Imeharibika," nikamwambia, nikaongeza kasi yangu.