Nawasubiri Waitikie

Kabla hakujapambazuka nilisikia kijiko kikigonga bilauri. Mume wangu alikuwa anakoroga chumvi kwenye maji ya vuguvugu. Husukutua koo kila alfajiri, ingawa huu ni mwaka wa tatu hana pa kuipeleka sauti yake.

Miaka ishirini na sita alitangaza sabuni kwenye televisheni. Sura yake hakuna aliyeijua, lakini akiuliza bei ya nyanya sokoni, watu waligeuka. Kisha wenye bidhaa wakahamia kwenye simu, matangazo yakakauka, na kituo kikamuaga vizuri, kwa keki. Tangu hapo ukimsemesha, anaguna tu.

Asubuhi ile mjukuu wetu wa kike alikuja na kikapu cha sabuni alizotengeneza mwenyewe.

"Mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya mume?" nikamtania.

"Namwazima tu, bibi. Nataka niirekodi sauti yake kwenye simu, initangazie sabuni."

Mzee akajifanya hakusikia. Lakini baada ya chai akaniomba nitundike blanketi mlangoni, sauti isirudi. Akakaa wima.

"Hamjambo humo ndani?" akasema, kisha kimya.

Binti akangoja. "Mume wangu, umesahau maneno?"

"Nawasubiri waitikie. Huingii nyumba ya watu ukaanza kuuza hujaitikiwa."

"Kwenye simu hawasubiri, babu. Ukinyamaza, kidole kinapita."

"Basi katafute kijana." Akashika mkono wa kiti ainuke.

Binti akanitazama. Kukikata kile kimya kwake ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na mzee asingejua. Akamgusa goti. "Keti. Sema vilevile unavyojua wewe."

Mzee akasema, naye binti akalituma tangazo pamoja na kimya chake.

Wengi walipita, hilo hakutuficha. Ila kufika adhuhuri, chini ya tangazo, watu walikuwa wameanza kuandika. Hatujambo, babu. Hatujambo, karibu ndani. Mmoja aliandika kwamba utotoni sauti hii ilikuwa ikimkuta akisubiri mama yake arudi kutoka kazini.

Binti alimsomea moja moja, na mzee akamjibu kila mmoja kwa sauti, "Ahsante, mwanangu," kana kwamba wako sebuleni. Salamu zilipokwisha, nilimwona binti akirudi juu na kumsomea upya, kana kwamba ni mpya. Sikumwambia mzee.

Jioni mzee alimsindikiza mpaka barabarani, yeye ambaye hata kizingiti alikuwa hakivuki.

"Jumamosi uje tena," akamwambia. "Hata kama huna sabuni."