Wazima Thelathini na Tisa

Askari wa mlangoni huhesabu hata asipotumwa kuhesabu. Miaka minne Teresiah alikalia kiti cha mlango wa maabara ile ya utafiti, upande wa Jebel Ali, katika nchi ya Waarabu, na hakuna aliyepita asimwandike daftarini. Kwa hiyo bango la matokeo lilipotundikwa ukumbini, jicho lake lilitua palepale penye kasoro: watu wazima wasio na ugonjwa, thelathini na tisa.

Walikuwa arobaini. Yeye mwenyewe aliwapanga foleni, walinzi na wasafishaji, siku Khairunisa alipokuja kumbembeleza. Khairunisa wa Mombasa, fundi wa maabara, ndiye aliyekuwa shoga yake pekee mle ndani. Kila Ijumaa walipika pamoja. "Terry wangu, twataka damu ya wazima tuilinganishe na ya wagonjwa," alimwambia. Akamweleza kwamba seli za mwili huachia vifuko vidogo mno kwenye damu, na vifuko vya saratani huwa na alama za huko vilikotoka. Mashine yao ilikuwa inafundishwa kuzitambua alama hizo kabla uvimbe haujajitokeza. Teresiah akakunja mkono wa shati. Walipewa juisi na biskuti, wakarudi kazini.

Sasa Khairunisa alikuwa anapita na kikombe chake cha chai, Teresiah akamtania.

"Wasomi wazima hamjui kuhesabu. Nani mmemmeza?"

Asiye na la kuficha angecheka. Khairunisa aliweka kikombe juu ya daftari, chai ikamwagika, asiifute.

"Kuna damu moja iliondolewa hesabuni. Kwenye mashine iliwaka kama za wagonjwa. Wakaipima tena, na tena, ikawaka tu. Sir, mkuu wetu, akasema khalas, iondoeni, inaharibu matokeo."

"Ya nani?"

"Damu zina namba, Terry. Hazina majina."

"Na orodha ya majina anayo nani?"

Orodha alikuwa nayo Khairunisa peke yake. Ndivyo kazi yao inavyofanywa, ili mpimaji asijue anampima nani. Teresiah alimtazama usoni, akangoja.

"Ni yako," Khairunisa alisema. "Tangu mwezi wa pili."

Huu ulikuwa wa kumi. Miezi minane Teresiah alikuwa akilalamika kwamba anashiba upesi na suruali inamlegea, na huyuhuyu akichukua sindano na uzi kumpunguzia kiuno cha suruali, akimwambia amependeza, wenzake wanalipia gym waupate mwili huo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba kinaweza pia kukushonea nguo yenyewe.

"Si kipimo cha hospitali, ni utafiti," Khairunisa alijitetea. "Pengine mashine ilikosea. Na nilitia sahihi nisiseme, visa yangu iko mikononi mwao. Wallahi kila sala nimekuombea."

Teresiah alizichukia dua zile kuliko alivyouchukia ule ukimya.

"Ungeniambia tu nikapime," alisema polepole. "Hata usiseme kwa nini. 'Terry, enda hosi ukapime.' Hilo nalo ulitia sahihi?"

Khairunisa alisogea karibu. Alitaka kumshika mkono, Teresiah akauondoa. Alimwita Ken, mlinzi mwenzake, amshikie mlango, akaenda hospitali saa ileile na sare yake mwilini.

Picha zilichukua siku tatu. Daktari alimwonyesha kivuli kwenye kongosho, na kingine kwenye ini, akamwuliza kwa upole mbona hakuja mapema, mwanzoni mwa mwaka, wakati kisu cha upasuaji bado kingefaa. Teresiah alisema hakujua. Huo ulikuwa ukweli, na ulimuuma kuusema.

Nje, Khairunisa alikuwa ameketi kwenye benchi. Alikuja bila kualikwa, macho yamemvimba. Akainuka haraka.

"Wamesemaje?"

Teresiah akaketi, akamkabidhi karatasi ya majibu.

"Nisomee," alisema. "Kwa sauti."