Mwito wa Pili

Siku ambayo mumewe Ukkubanda hakurudi nyumbani, Heenmenike alikuwa amekwisha kumkunia nazi. Wali mwekundu umeiva, nazi na pilipili zimepondwa, chai ya rangi inapoa kando ya kipande cha sukari guru. Kesho yake ilikuwa Poya, siku takatifu ya mwezi mpevu, na siku ya Poya nyavu hazilali katika bwawa la Divulwewa. Hakuna anayetaka samaki afe kwa mkono wake siku hiyo. Kwa hiyo nyavu zilipaswa kutolewa asubuhi ile. Punchirala, jirani aliyevua naye katika ngalawa moja tangu wote wawili hawajaota ndevu, alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa. Ukkubanda akaenda peke yake.

"Ukimwona mwenye nyumba nisalimie," Punchirala alimtania kupitia dirishani. "Mwambie kodi nitaleta nikipona."

Mwenye nyumba ni mamba. Divulwewa hakuna anayemtaja kwa jina lake karibu na maji. Wala wavuvi hawaitani kwa majina wakiwa bwawani. Mtu huita "hoo", sauti ndefu, hutulia kidogo, kisha huita tena, na ya pili ndiyo inayoitikiwa. Ya kwanza huachwa ipite. Inasemekana kwamba tangu tuta lilipojengwa na maji yakaumeza msitu, yuko asiyekuwa mtu anayeita kutoka kwenye ile miti mikavu iliyobaki imesimama katikati ya bwawa, na huyo hajui kuita zaidi ya mara moja. Ukimwitikia amekwisha kuipata sauti yako, na mwenye sauti huifuata. Watoto wa Divulwewa hujua jambo hili kabla hawajajua kuogelea.

Heenmenike alikuwa anafunika chungu aliposikia hoo ikitoka majini. Mkono ukabaki hewani na kifuniko. Alisogea mlangoni, akaziba mdomo wake kwa ncha ya kitambaa, akasubiri ya pili. Mnandi, wale ndege weusi wa majini, waliruka kutoka kwenye miti mikavu wote kwa pamoja, wakazunguka, wakatua. Ya pili haikuja. Akashukuru kimoyomoyo kwamba hakuteleza akaitika, akarudi jikoni, vinyweleo vimemsimama hadi shingoni.

Chai ikapoa kabisa. Jua lilipokuwa limepanda vya kutosha kuchoma nyayo, alipanda tutani na binti yake Sepalika, na hapo wakaiona ngalawa. Ilikuwa katikati ya miti mikavu, imetulia kama iliyofungwa. Punchirala aliinuka na homa yake, akaazima ngalawa nyingine, akaenda kuivuta. Kasia lilikuwa ndani. Nusu ya wavu ilikuwa ndani na nusu bado majini, na chini kwenye maji machafu sato walikuwa wanapigapiga mikia, wazima. Ukkubanda hakuwamo.

Walimtafuta siku hiyo na siku ya Poya. Watu waliokwisha kuvaa nguo nyeupe za kwenda hekaluni waliingia majini nazo, wakapapasa kwenye matope na mayungiyungi. Askari walikuja na mashua ya injini, wakazunguka, wakaondoka. Walichopata ni kofia tu.

Yaliyofuata hayakuwa kilio, kwani kilio kina utaratibu wake. Bendera nyeupe hazikutundikwa njiani, maana bendera hutundikiwa maiti. Mtawa wa hekalu alikuja akauliza kwa upole kama watatoa sadaka ya siku ya saba. Heenmenike akamjibu, kwa heshima zote, kwamba sadaka hiyo ni ya marehemu, na yeye hajaonyeshwa marehemu. Mtawa hakusisitiza. Alikunywa maji, akaondoka.

Kijiji hakikula samaki wa bwawa kwa muda mrefu. Hakuna aliyetoa sababu na hakuna aliyeihitaji. Faleel, mchuuzi wa samaki mwenye pikipiki na sanduku la barafu, alikuwa akiwapeleka mji wa mbali ambako hawajui Divulwewa ni wapi. Polepole watu walirudi kula, mmoja mmoja, bila kutazamana. Heenmenike hakuweza. Kazi yake kwa miaka yote ilikuwa kuparua na kupasua samaki, na sasa kila alipochomeka kisu tumboni mwa sato mkubwa alifumba macho na kutanguliza kidole, akiogopa kitakachogusa. Usiku alilala. Alichokiogopa ni asubuhi, pale ukungu unapokaa juu ya maji na sauti zinasafiri mbali.

Na la kuisikia ile hoo hakumwambia mtu. Alijipa sababu: si lazima iwe ilikuwa yake. Mumewe aliijua desturi, angeita mara mbili.

Ndipo Sepalika akachukua kasia la baba yake. Alikuwa ameacha kazi ya kushona kiwandani ili asimwache mama peke yake, na alikuwa na mikono ya babake, mipana. Heenmenike alimkataza, akambembeleza, akamnunia, akaacha kumpakulia chakula. Binti akajipakulia mwenyewe.

"Kwani mwenye nyumba anabagua wanawake?" alisema akitafuna. "Akitaka kula atakula, hata ukiwa unafua nguo ukingoni. Afadhali mimi nina kasia."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, mama. Nyavu za baba zinaoza."

Walipatana nusu kwa nusu: atavua na Punchirala, hatatoka peke yake, na akiwa na shida ataita mara mbili. Heenmenike alimrudisha kwenye hilo la mwisho kila asubuhi, akimshika mkono mlangoni. Mara mbili, mwanangu. Sepalika akaitika ndiyo kwa ile sauti ya mtu aliyechoka kuambiwa.

Hivyo ndivyo walivyoishi hadi ilipofika tena siku ya kuamkia Poya, maji yakiwa yamepungua kwa sababu ya mashamba ya mpunga, na miti mikavu imetokeza hadi mabegani. Punchirala na Sepalika walirudi tutani na ngalawa imejaa. Faleel alikuwa pale na mizani yake, akilalamika kwamba sato wa safari hii wamekonda kama mabwana arusi. Wavu mmoja ulikuwa umenasa kwenye mti nao wakauacha. Kwa kuwa kesho ni Poya, haukuweza kuachwa. Punchirala alikuwa bado anatoa samaki kwenye nyavu. Kabla Heenmenike hajafika na kapu lake, Sepalika alikwisha kusukuma ngalawa na kuondoka peke yake.

"Umemwachaje?" Heenmenike alimuuliza Punchirala.

"Ni hapo tu, dada. Namwona."

Lakini ukungu ulikuwa haujaondoka wote, na muda si mrefu hakumwona tena. Heenmenike alisimama na kapu mkononi. Aliona mnandi wakiruka wote kwa pamoja, wakazunguka, kama siku ile.

Hoo.

Moja, fupi kuliko inavyotakiwa. Mikono yote pale tutani ikasimama. Faleel aliachia mizani, na sato akateleza akaanguka mavumbini bila kuokotwa. Punchirala alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vimekaza kwenye wavu.

"Subiri ya pili," alisema kwa sauti ya chini.

Heenmenike alimtazama. Homa hapa haikuwepo, ila midomo yake ilikuwa inatetemeka, na alikuwa hatazami majini bali miguu yake mwenyewe. Akaelewa kwamba dirisha lile la mgonjwa linatazama bwawa kama mlango wake unavyotazama bwawa.

"Na siku ile," alisema, "wewe pia ulisubiri ya pili?"

Punchirala akazidi kuinama. Faleel ndiye aliyesema, akiwa amekodolea barabara macho: alikuwa anapita pale juu na pikipiki asubuhi ile, naye aliisikia, akaongeza mwendo. Hata yeye, ambaye msikiti wake haumfundishi habari za miti.

Heenmenike aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Aliogopa miti, akaogopa kilichomo ndani ya maji, akaogopa sauti yake mwenyewe ambayo ikishatoka hairudi. Alifungua mdomo na mara ya kwanza hakikutoka kitu. Kisha akaita, hoo, na halafu akafanya lisilofanywa kabisa, akaita jina: Sepalika, Sepalika, huku akishuka tuta, anaingia majini na nguo zake, anasukuma ngalawa ya kwanza aliyoikuta. Hakujua kupiga kasia vizuri; ikawa inazunguka. Ikayumba mara moja kwa uzito, na alipogeuka Punchirala alikuwa nyuma yake ameshika kasia, anapiga kwa nguvu, machozi yanamtiririka mashavuni.

Walimkuta kwenye mti mkavu. Amekumbatia tawi, magoti yamepanda hadi kifuani, wavu umemzunguka kifundo cha mguu na kamba yake imekaza kwenda chini. Ngalawa yake ilikuwa imeelea mbali. Kamba ilikuwa inasogea, polepole, inalegea na kukaza. Alinyoosha kidole tu, akielekeza kwenye maji upande wa kushoto, na pale palikuwa na mstari wa magamba kama gome la mti, umetulia.

Punchirala alipiga maji kwa kasia huku akitukana matusi yote aliyoyajua. Heenmenike aliegemea ubavuni na kisu chake cha kupasulia samaki, akakata kamba, akamvuta mwanawe ndani kwa nywele na kwa blauzi, kwa chochote kilichoshikika. Walikuwa karibu na tuta ndipo akapata pumzi ya kumuuliza, na aliuliza kama anayegomba: si alimwambia aite mara mbili?

"Nilitaka," Sepalika alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Nilipoita ya kwanza mwenye nyumba aligeuka akaja upande wangu. Nikaogopa kuita tena, mama. Usingenisikia wewe, angenisikia yeye."

Punchirala akazidi kupiga kasia hadi ngalawa ilipogusa mchanga.

Ukkubanda hajapatikana hadi leo. Sadaka imetolewa, imechelewa lakini imetolewa, na Punchirala ndiye aliyebeba chakula hadi hekaluni, akakaa nje kizingitini mpaka wote walipoondoka. Sepalika anavua bado. Heenmenike amejifunza kupiga kasia uzeeni, hukaa nyuma, na bado huogopa kila ukungu unapotanda.

Kesho ni Poya. Nyavu za Divulwewa zinatolewa leo, na hakuna ngalawa inayotoka na mtu mmoja.