Nusu ya Watoto wa Shemeji

Mama yake Zuleica husema mdomo wa binti huyo ulizaliwa siku mbili kabla ya mwenyewe. Amemaliza darasa la kumi na mbili, kazi bado anaitafuta, lakini utani haujamkosa hata siku moja, na anayeupokea kwa wingi ni shemeji yake Assane, mume wa dada yake Rachida, mtu wa bara, mzaliwa wa Diaca. Mtu na shemejiye, utani ni haki yao.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, Zuleica alimweleza kwamba mgeni wa pwani, kabla ya kula pweza, sharti ampe mkono. Mikono yote minane. Assane, masikini, akashika mmoja mmoja mbele ya ukoo mzima, na ule wa mwisho akauambia, "Shikamoo." Wazee walicheka hadi wali ukapoa. Tangu hapo akaapa: neno la Zuleica ni la kuchekea, si la kushikia.

Sasa Assane alikuwa na kamba wake. Si wale wa baharini wanaouzwa sokoni; hawa ni wa maji baridi, wembamba, miili kama kioo, akila mmoja unaona chakula kikiteremka. Aliwaleta hapa Palma, pwani, kutoka kijito cha kwao ndani ya dumu, amelipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Akawajengea akwario kwa vioo vya rafu za jeleira, friji mbovu, akaviunga kwa silikoni, akatia mchanga, majani na bomba dogo la hewa.

"Wenzangu huletewa mke mwenza mmoja," Rachida alisema. "Mimi nimeletewa kumi na wawili, na wanakaa kwenye kioo niwaone vizuri."

Alisema hivyo, lakini mchana akiwa peke yake aliwatupia punje za wali. Alijua. Watu wa kwa Assane wametawanyika, kijito chenyewe mwaka huu kimebaki matope, na katika vyote vya Diaca, vilivyosalia hai nyumbani mwake ni hao kamba tu.

Mara mbili kamba walizaa. Mara mbili Assane aliwalea watoto kwa maji ya kisima yaliyotuama, akiwalisha kiini cha yai alichokichuja kwa kitambaa. Siku ya tano, wote chini, kama unga uliomwagika. Kisha umeme ukakatika siku mbili, bomba likanyamaza, na joto likamaliza wakubwa. Akabaki jike mmoja, amekumbatia mayai chini ya tumbo, anayapepea kwa vimiguu. Dume hakuna. Mayai hayo yakiharibika, basi tena.

Zuleica alijua kinachowaua. Tangu utotoni alikwenda na wanawake kutanda kwenye mikoko, pale mto unapokutana na bahari: wawili mnashika pembe za kitambaa, mnakikokota majini, mnavua uduvi. Na kila baada ya mvua kubwa, kitambaa kilileta wageni, kamba wa mtoni, majike tu, wamejaa mayai, wameteremka kutoka bara. Huzalia kwenye chumvi. Watoto wakishapata nguvu, hupanda mto kurudi kwao, wadogo kama unywele wa nyusi. Wanaume hawayajui hayo kwa sababu wanaume hawatandi.

"Shemeji," alimwambia, "watoto hawa wanataka maji ya bahari."

Assane akacheka mpaka akashika meza. "Na ndimu je? Na pilipili?"

"Sikutanii."

"Hata pweza ulisema hunitanii."

"Pweza ni pweza, hili ni la kweli!"

"Epá, Zuleica! Kamba wa Diaca, babu wa babu yake hajaiona bahari, leo umtie chumvi? Sema tu unataka kitoweo."

"Muulize dada."

Rachida hakuinua macho kutoka jikoni. "Mimi simo. Sijawahi kutanda, matope yananitia kichefuchefu."

Zuleica akajaribu tena, kwa sauti ya chini, uso ameukaza kama wa mtu aliyeketi matangani. Assane akajipiga paja. "Leo ameongeza na sura!"

Alirudi kwa mama yake, nyumba ya pili, ameumia. Mtu aliyechekesha mtaa mzima hakuwa na sauti moja ya kuaminiwa.

Asubuhi ya Ijumaa watoto wakatoka. Assane akawaita watu, akafunga dirisha, akaweka tochi kwenye pembe ya kioo, na vidudu mia mbili, mia tatu, vikakusanyika kwenye mwanga, vikiogelea kichwa chini, kinyumenyume. Alijaribu kuvihesabu, midomo ikimcheza, akashindwa, akatabasamu peke yake. Zuleica aliliona tabasamu lile, akawaza: siku tano.

Akachukua mtungi wa kioo na kikombe.

"Nachukua nusu," alisema. "Kwa utani."

Assane akabadilika rangi. Mtani akitwaa, hakatazwi, na aliyetwaliwa hanuni. Hilo hata bara wanalijua. "Zuleica, chukua kuku. Chukua redio."

"Redio haiogelei."

"Rachida, sema na mdogo wako!"

"Ulipozitundika kandambili zake juu ya mnazi, yeye alinuna?" Rachida akauliza.

Assane akageukia ukuta, asione kikombe kikizama.

Kibarazani kwa mama, Zuleica aliwaweka kwenye ndoo nyeupe, akawaongezea maji ya bahari kikombe kwa kikombe, mchana kutwa, akionja kwa ulimi: yasiwe makali kama ya pwani, yasiwe matamu kama ya kisima. Alitaka yawe kama mchuzi wa Rachida akiwa amenuna, chumvi nusu. Usiku hakulala vizuri. Ilikuwa rahisi kujua jambo kwa kucheka. Sasa alilijua akiwa na roho za watoto hao mkononi. Asubuhi alikuta kumi wamekufa. Akakaa nao, akawakorogea kiini cha yai, akaomba.

Siku ya tano Assane alisimama kwenye uzio bila kubisha hodi.

"Wangu wamekwisha."

Zuleica alikuwa na maneno matatu tayari, yote matamu. Akayameza. "Njoo."

Assane akainama juu ya ndoo. Walikuwa wakicheza kichwa chini, wamenenepa.

"Maji gani haya?"

"Onja."

Akachovya kidole, akalamba, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazini. "Kwa hiyo ulikuwa unasema kweli."

"Nilikuwa."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Zuleica akamtazama. Assane naye akasikia alichokisema. Walicheka mpaka mama akatoka na mwiko kuuliza nani amekufa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kwenda kazini, Assane alipita na madumu mawili ya maji ya bahari, akayaweka, akasimama kama mwanafunzi. Akiambiwa badilisha, anabadilisha. Akiambiwa usiguse, haweki hata kivuli.

Siku ya thelathini na tatu Zuleica alipiga kelele juu ya uzio, "Shemeji! Mmoja amesimama!"

Hakuuliza kama ni kweli. Alikuja mbio, shavu moja limenyolewa, jingine limejaa povu la sabuni. Chini ya ndoo, kiumbe mdogo kuliko punje ya mchele alikuwa amegeuka, mgongo juu, anatembea kwa miguu yake, anaokota kitu na kukipeleka mdomoni.

"Anakula," Assane akanong'ona.

"Kwa mikono miwili, kama watu wa bara."

"Nyamaza, utamtisha."

Na Zuleica akanyamaza.