Kiti cha Mzee Cornel

Mzee Cornel alikuwa amepita katika mabaraza ya mawaziri ya marais watatu, wote wanaume. Zuleha Mrisho alimjua tangu akiwa mbunge wa viti maalumu, binti wa wauza nguo wa hapa hapa Dodoma, aliyezomewa kila akisimama kuchangia. Baadaye akawa naibu wake wizarani. Kila asubuhi alimkuta Cornel keshakaa, akampa shikamoo, akamsomea taarifa akiwa amesimama.

Leo Zuleha alikuwa Rais, na baraza lake, Cornel akiwamo, lilikutana Ikulu ya Chamwino kwa mara ya kwanza. Alipoingia, mawaziri wote walisimama. Akatembea bila haraka hadi mbele, akaweka miwani mezani. Na Cornel, kwa mazoea tu, akakaa.

Ukumbi uliganda. Hakuna anayekaa kabla ya Rais! Cornel akajiona yuko chini peke yake, kiti kinamuunguza.

"Shikamoo, Mzee Cornel," Rais akasema, kwa sauti ile ile ya wizarani. Hakutabasamu, wala hakukunja uso.

Cornel aliitafuta marahaba kinywani, hakuiona. Mwanamke aliyekuwa mbele yake hakuwa amepaza sauti, lakini alikuwa ameujaza ukumbi mzima. Akainuka taratibu, akafunga kifungo cha koti, na mzee yule mwenye wajukuu chuoni Chimwaga akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa Rais."

"Marahaba," akajibu Zuleha, kisha akakaa.