Bolti ya Nane

Mtaani walimwita Sista Hesabu, na jina hilo hakulikataa. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kazi yake kubwa mle ndani ilikuwa kuhesabu: vitambaa, sindano, mikasi, kabla mgonjwa hajapasuliwa na kabla hajashonwa. Daktari awe na haraka, awe na hasira, awe na cheo cha namna gani, hashoni mpaka Sista aseme hesabu imetimia. Nyumbani nako hakuacha. Alihesabu vijiko wageni wakishaondoka, na wageni walijua.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa ameinamia injini ya Ajuza, gari lao kuukuu lenye umri sawa na kifungua mimba wao. Kwa wiki mbili Ajuza alikuwa akinuka mafuta ya kuungua, na kila akisimama kwenye taa za barabarani, moshi ulitoka pembeni mwa boneti. Fundi wa gereji alishika kiuno, akatikisa kichwa, akasema injini yote ishushwe. Sista hakumsadiki. Fundi yule ukimwambia gari lina mafua, anakupa pole ya msiba.

Basi aliamua kumtafuta mchawi mwenyewe. Alichukua karatasi laini nyeupe, akapangusa injini kuanzia chini kwenda juu, maana mafuta hayapandi mlima. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo yanapoanzia. Palikuwa ukingoni mwa kifuniko cha juu cha injini, upande wa nyuma kabisa, chini ya bomba moja nene la mpira, mahali ambapo jicho halifiki na vumbi lilikuwa limegandamana na mafuta. Gasketi, ule utepe wa mpira unaoziba ukingo huo, ilikuwa imechoka, hilo tu. Alinunua mpya, akafungua bolti moja moja, zile za nyuma kwa kupapasa, akazitia kwenye bakuli. Akakwangua gasketi ya zamani, akapanga mpya, akaanza kukaza.

Bolti ya saba ilipoingia, bakuli likawa tupu. Na kule nyuma, chini ya mpira, kidole chake kikagusa tundu ambalo halikuwa na bolti.

Alikumbuka vizuri kwamba wakati wa kufungua alihesabu saba. Lakini alipofunua kitabu cha gari, picha ilionyesha nane. Akatazama picha, akatazama bakuli tupu.

Alipapasa sakafu yote, akakung'uta aproni, akaingiza sumaku kila pembe. Hapakuwa na kitu. Akakifungua tena kifuniko, akamulika ndani kwa tochi. Kama bolti ilidondokea humo, ukiwasha tu, chuma kitatafuna chuma na Ajuza atakuwa wa kupimwa kilo kama chuma chakavu. Lakini si hilo lililomtia hofu.

"Si uwashe tu?" alisema mumewe, mwalimu wa jiografia, aliyekuwa ameketi kizingitini akisahihisha madaftari. "Saba zinatosha."

"Ningekuwa nashona mtu ungesema hivyo?"

Mwalimu akarudi kwenye daftari lake. Kalamu nyekundu ilisimama pale pale, na hakufungua ukurasa mwingine.

Sista alifuta mikono, akaja kuketi kando yake. Akasema, "Nimeanza, baba watoto. Kama mama."

"Kuanza nini?"

"Kupotea. Mwezi uliopita nilisahau birika jikoni mpaka likaungua. Nikamwita binti yetu jina la dada yangu. Juzi kazini nilisema vitambaa kumi na viwili, vikawa kumi na kimoja, muuguzi mtoto wa juzi akanirekebisha mbele ya watu. Leo naikumbuka saba, naiona kabisa saba, kumbe ni nane. Mama alianza hivi hivi, akamaliza kwa kuniuliza mimi ni mgeni wa nani."

Mwalimu alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha.

"Nimeshaandika barua," Sista akaendelea. "Jumatatu nampelekea mkuu wa wauguzi. Anitoe chumba cha upasuaji."

Daftari lilimponyoka mwalimu. Aliangalia miguu yake.

"Zilikuwa saba," alisema.

"Umejuaje?"

"Ya nane niliipoteza mimi. Ule mwaka uliokwenda kwa dada yako wiki nzima. Nilitaka kukushangaza, ukirudi ukute nimebadilisha gasketi. Bolti ikaniponyoka, ikabiringika mpaka kwenye mtaro, nikaisikia kabisa ikisema chubwi. Nikafunga hivyo hivyo."

"Miaka mitatu?"

"Nilikuogopa. Ungenihesabia bolti hiyo mpaka kaburini."

Sista hakuwa mtu wa kupokea maneno matupu, hata ya mumewe. Alichomoa kibanio nywelani, akaenda kuchokoa lile tundu la nyuma. Uchafu ulitoka kwa mabonge magumu, moja juu ya jingine, kama uji uliokaukia sufuriani. Hapakuwa na bolti iliyolala humo jana wala mwaka jana.

Saba. Alikuwa amesema saba, na zilikuwa saba.

Pumzi aliyoishusha hapo ilikuwa imekaa kifuani tangu mwezi uliopita. Akashikilia ukingo wa gari, akacheka huku machozi yanamtoka. Halafu hasira zikamjia, akamtupia mwalimu tambara la mafuta, likampata shingoni sawasawa.

"Nenda dukani," alisema. "Usirudi bila bolti."

Mwalimu alikwenda mbio, mtu wa miaka hamsini na minane, viatu vyenyewe vya ndani. Alirudi na bolti mbili, moja ya akiba. Sista alirudisha kifuniko, akakaza zile saba na ya nane kwa mkono wake, akaingia garini, akawasha. Ajuza alikohoa mara mbili, akanguruma, na moshi haukuonekana.

"Nitaingia chini niangalie kama linadondosha," mwalimu alisema, akiwa tayari kwa adhabu yoyote. "Nipe karatasi nyeupe niitandike."

"Ipo kwenye mkoba wangu, kwenye bahasha. Sina kazi nayo tena."

Alijilaza kifudifudi mbele ya gari, akaingiza kichwa na tochi, akaitandaza karatasi chini ya injini. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko anaoujua kuliko wake mwenyewe. *Naomba niondolewe kabla sijaacha kitu ndani ya mtu. Mume wangu hajui bado. Sijui nitamwambiaje kwamba huenda siku moja nikamwangalia na nisimjue.*

Injini ilinguruma juu ya kichwa chake. Dakika zilipita.

"Vipi huko?" Sista aliuliza kutoka kwenye usukani. "Linavuja?"

"Halivuji, mama," alijibu, macho bado kwenye ule mwandiko. "Ila liache lingurume kidogo. Bado naangalia."